Pikipiki Isiyoanguka na Pikipiki Isiyonguruma

Wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo zimo hesabu katika somo, na hesabu zenyewe ni za fedha.

Leo nitasema nanyi juu ya pikipiki. Najua wako watakaocheka. Mtu akaaye Mwanza, asiyeweza kutoka Nyegezi mpaka Kirumba bila kupitwa na pikipiki mia, afundishwe nini tena juu ya pikipiki? Lakini litazameni kwanza jina lenyewe. Wazee wetu walipoiona mashine hii mara ya kwanza hawakungoja kuambiwa na wageni inaitwaje. Walisikiliza mlio wake, wakaiita pikipiki. Wengine waliiita tukutuku, na hilo nalo ni mlio. Basi sasa ziko pikipiki ambazo hazisemi piki wala tuku. Zapita kimya kama mtumbwi unaosukumwa kwa pondo karibu na matete. Na ziko nyingine, zilizotengenezwa na mafundi wa ng'ambo kwa kuonyesha tu, ambazo husimama wima zenyewe bila kushikwa na mtu. Nitaanza na hizo za maonyesho kwa kuwa ni za ajabu. Halafu tutarudi kwetu, kwa kuwa huku ndiko ziliko fedha zinazoweza kupotea.

Viwanda vikubwa vina desturi moja. Kabla ya kutengeneza chombo cha kuuza, hutengeneza kimoja cha kuonyesha fikira zao za miaka ijayo. Sisi tukiite chombo cha mfano. Chombo cha mfano hakina bei, wala huwezi kwenda dukani kukiulizia. Ni kama seremala achoraye mlango chini kwa kijiti kabla ya kukata ubao. Wenye nyumba huutazama mchoro, wengine husema vizuri, wengine husema hapana, na pengine mlango ule hautengenezwi kamwe.

Mwezi wa Oktoba, 2016, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilikuwa katika sherehe za miaka 100 tangu kuanzishwa kwake. Ikaonyesha huko Los Angeles, Marekani, pikipiki ya mfano iitwayo Vision Next 100. Pikipiki hiyo haitoi moshi. Fremu yake ni kitu kimoja kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma, bila maungio. Mpandaji akikata kona, fremu yenyewe hupinda. Ikisimama haiegemezwi kwa mguu wa chuma kama zetu. Wenyewe walisema ya kuwa mpandaji hatahitaji kofia ngumu, kwa sababu pikipiki haitamwacha aanguke. Atavaa miwani tu, na ndani ya miwani hiyo ataonyeshwa habari za njia. Hapa niruhusuni niseme langu. Mimi kofia yangu sivui. Walituonyesha pikipiki, lakini hawakutuonyesha lori la mchanga la Buhongwa, wala mbuzi anayevuka barabara bila kutazama.

Miezi mitatu baadaye, yaani Januari, 2017, kampuni ya Honda ya Japani ilionyesha yake huko Las Vegas. Hiyo niliipenda zaidi, kwa sababu hila yake yaweza kuelezwa kwa mtu yeyote wa ziwani. Kwanza tuulize: kwa nini pikipiki haianguki ikienda mbio, na huanguka ikienda polepole? Kumbukeni ringi mliyokuwa mkiisukuma kwa kijiti utotoni. Ikikimbia husimama. Ikichoka hulala. Dereva wa pikipiki naye, akiwa katika msongamano pale Igoma na kusogea hatua kwa hatua, hana budi kushusha miguu chini. Mbio ndizo zilizokuwa zikimsaidia, na sasa mbio hazipo.

Sasa mfikirieni mvuvi asimamaye katika mtumbwi mwembamba. Hasimami kama mlingoti. Magoti yake hucheza kidogo kidogo, huku na huku, wala mwenyewe hana habari. Akijikausha, ataingia majini. Honda waliifundisha pikipiki jambo hilo hilo. Ndani yake viko vyombo vya kupima ulalo. Pikipiki ikianza tu kuegama upande mmoja, kompyuta huligeuza gurudumu la mbele kidogo sana, ikalirudisha, ikaligeuza tena, kabla mtu hajaona kitu. Tena gurudumu hilo husogezwa mbele kidogo, kama mtu anayepanua miguu ili asimame imara. Katika maonyesho yale pikipiki ilimfuata mtu taratibu kama mbwa amfuatavyo bwana wake, na juu yake hakuna aliyepanda.

Mafundi wengine wameshika njia nyingine. Kampuni ya Lit Motors ya San Francisco iliweka ndani ya pikipiki yake ya majaribio magurudumu mazito yazungukayo kwa kasi. Hiyo ni pia. Mtoto akiizungusha pia yake vizuri, hata akiigusa kwa kidole haitaki kulala.

Nisije nikawafanya mdhani ya kuwa mashine sasa zimempita mtu katika kila jambo. Kampuni ya Yamaha, ya Japani vilevile, ilitengeneza mtu wa chuma aitwaye Motobot, akaweza kuendesha pikipiki ya mashindano. Mwaka 2017 walimpeleka kwenye uwanja wa mbio huko California ashindane na Valentino Rossi, Mwitaliano, bingwa wa dunia mara tisa. Hawakupanda pamoja, kila mmoja alizunguka kwa zamu yake na saa ikapimwa. Rossi alimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 85 na kitu. Mtu wa chuma alitumia sekunde 117 na kitu. Andikeni: 117 toa 85. Jibu ni 32. Katika mbio za pikipiki sekunde 32 ni nyingi mno. Mtu aweza kuvua kofia, akanywa maji, akamngoja mwenzake.

Na kama mwadhani ya kuwa fikira ya pikipiki isiyoanguka ni mpya, sivyo. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, wote Wajerumani, walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli na magurudumu mawili. Wengi hukitaja kuwa ndicho pikipiki ya kwanza ya petroli. Nacho kilikuwa na vigurudumu viwili vidogo ubavuni, kimoja kila upande, ili mpandaji asianguke. Yaani tulianza na vigurudumu vya ubavuni, tukavitupa, tukaanguka zaidi ya miaka mia moja, na sasa kompyuta yafanya kazi ya vile vigurudumu. Husimuliwa pia ya kuwa kijana wa Daimler alipokijaribu barabarani kiti kilishika moto chini yake, kwa sababu injini ilikuwa papo hapo chini.

Basi, hayo ni ya maonyesho. Sasa turudi Mwanza.

Katika mambo yote ya pikipiki zile za mfano, moja limekwisha kutoka katika maonyesho na kuingia barabarani Afrika Mashariki, nalo ni umeme. Huko Kigali, Rwanda, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa madereva pikipiki za umeme. Betri ikipungua dereva haketi kuingoja ijae. Huingia kituoni, huacha betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, huondoka. Ni kazi ya dakika chache. Kigali ni mji wa vilima, kama sisi tulivyo na vilima vyetu vya Bugarika na Mabatini, kwa hiyo yule asemaye ya kuwa umeme hauwezi kupanda mlima ajibiwe kwa mfano huo. Tangu Januari, 2025, Serikali ya Rwanda haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kuchukua abiria katika mji huo. Huko Nairobi iko kampuni ya Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus. Mwaka 2024 pikipiki yake ya umeme iliendeshwa kutoka Nairobi hata Stellenbosch, Afrika ya Kusini, safari ya kilomita 6,000 hivi, na betri zake zikajazwa njiani kwa nguvu za jua.

Kwetu kando ya ziwa, jambo la betri si geni kabisa. Wavuvi wa dagaa wanajua. Zamani mtumbwi wa dagaa ulikwenda na karabai, na usiku ziwa lilionekana kama mji. Karabai hutaka mafuta ya taa, hutaka utambi, na upepo ukiwa mkali hufanya ukaidi. Leo wengi huenda na taa za betri, na asubuhi betri hupelekwa kujazwa. Huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa letu, kampuni ya WeTu hukodisha taa kwa wavuvi na kuzijaza kwa nguvu za jua, na imejaribu kuzijaza pikipiki pia. Mvuvi akikodi taa hununua mwanga wa usiku mmoja. Taa si yake. Lishikeni neno hilo, maana nitalirudia.

Pikipiki ya umeme ndani ina nini? Ina vichache. Haina plagi ya kuchoma, haina kabureta ya kusafisha, haina oili ya injini ya kubadilishwa kila mara. Klachi haina, na nyingi hazina gia. Iko betri, iko mota, na katikati kiko chombo kinachogawa umeme kwa kadiri mkono wa dereva unavyozungusha. Kwa sababu hiyo matengenezo ni kidogo. Lakini kuna mambo ambayo wauzaji hawapendi kuyataja mapema. Ukipanda mlima na abiria wawili, au ukibeba ndoo za samaki na barafu kutoka Mwaloni, betri hupungua upesi kuliko ulivyoambiwa. Betri huzeeka, ikiwa ya miaka kadhaa haishiki umeme kama ilipokuwa mpya. Na ule ukimya wake ni mzuri kwa dereva, lakini mtoto avukaye barabara hutegemea masikio. Kipofu naye hutegemea masikio.

Mwezi uliopita nilitembelea darasa moja la jioni huko Buhongwa. Baada ya somo mzee mmoja alibaki nyuma. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa koti. Mzee huyo ni dereva wa bodaboda. Kwa miaka sita ameendesha pikipiki ya tajiri, akipeleka hesabu kila jioni. Alianza kusoma nasi mwaka jana, na sababu aliyoitoa siku ile ya kwanza ilikuwa hii: pikipiki yake ya kwanza aliichukua kwa mkataba ambao hakuweza kuusoma, na ilipobaki miezi miwili iwe yake, alinyang'anywa.

Karatasi aliyonionyesha ilikuwa mkataba mpya. Mtu anayeleta pikipiki za umeme alimwahidi moja, alipe kidogo kidogo kila siku hata iwe yake. Mzee alikuwa ameisoma yote, usiku tatu, kwa kidole. Akaniambia, "Mwalimu, maneno nayajua yote. Mahali hapa tu, maneno nayajua lakini maana siioni." Kidole chake kilikuwa juu ya mstari huu: *Betri ni mali ya kampuni.* Na chini yake: *Mpokeaji hataijaza betri mahali pengine popote.*

Katika mji huu, kati ya mwaka 1968 na 1972, ulikuwapo mradi mkubwa wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, na watu wazima wa mikoa ya ziwa walijifunza kusoma kwa maneno ya pamba na ya uvuvi, kwa kuwa hizo ndizo kazi zao. Nilipouona mkataba ule niliufanya kuwa kitabu chetu cha jioni ile. Tukakaa.

Nilimwuliza, "Mzee, ukimaliza kulipa, nini kitakuwa chako?" Akasema, "Pikipiki." Nikamwuliza, "Pikipiki bila betri ni nini?" Akanyamaza, kisha akacheka, akasema, "Ni baiskeli isiyo na pedeli."

Lakini tusifanye haraka kusema ya kuwa mkataba huo ni mbaya. Betri ni ghali, pengine ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika chombo kile. Kampuni ikibaki na betri, ikizeeka ni shida yao, si yako, na bei ya kuanzia hupungua. Ni kama taa ya mvuvi niliyoitaja. Jambo lenyewe ni hesabu. Tuifanye sasa, na mahali nitakaposema "tuseme" ninyi mtaweka bei zenu.

Tuseme dereva huenda kilomita 120 kwa siku. Tuseme pikipiki ya petroli huenda kilomita 40 kwa lita moja. 120 gawa kwa 40 ni 3. Atatumia lita 3. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Petroli ya siku ni shilingi 9,000.

Umeme hupimwa kwa yuniti, zile zile mnazonunua kwa LUKU. Yuniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Tuseme pikipiki ya umeme huenda kilomita 24 kwa yuniti moja. 120 gawa kwa 24 ni 5. Tuseme yuniti ni shilingi 360. Mara 5 ni shilingi 1,800. Hapa ndipo macho ya watu hung'aa: 9,000 toa 1,800 ni 7,200! Na wauzaji wengi huishia hapo hapo.

Lakini mzee wetu amekatazwa kujaza nyumbani. Atabadili betri kituoni, kwa bei ya kituo. Tuseme betri moja humfikisha kilomita 60. Basi kwa siku atabadili mara mbili. Tuseme kila mara ni shilingi 3,500. Mara mbili ni 7,000. Sasa 9,000 toa 7,000 ni 2,000 tu. Hiyo si haba. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 50,000, na bado hatujahesabu oili na plagi ambazo hatanunua. Lakini geuzeni ukurasa mtazame malipo ya kila siku ya mkataba. Ikiwa yamezidi yale ya pikipiki ya petroli kwa shilingi 2,000, basi faida ile yote imekwisha kuliwa kabla haijafika nyumbani.

Mzee alifanya hesabu hizo mwenyewe, kwa bei zake za kweli, nami nikimshikia taa. Alikosea kugawa mara moja tu. Alipomaliza aliinua kichwa akauliza swali ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa nimelifikiri. Tangu Juni, 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hata Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, abiria wake wengine hawateremki tena kungoja kivuko. Humtaka awapeleke moja kwa moja mpaka Sengerema. Ndizo safari zake zenye fedha. "Sasa," akasema, "nikifika Sengerema na betri imekwisha, nani atanibadilishia? Na mkataba wasema nisijaze mahali pengine."

Hatukuwa na jibu. Mkataba ulikuwa kimya. Basi akaandika barua ya maswali matatu, kwa mkono wake. La kwanza: vituo vya kubadili betri viko wapi kwa majina, na upande wa Busisi na Sengerema kipo? La pili: bei ya kubadili betri yaweza kupandishwa kabla sijamaliza kulipa, na ni nani atakayeamua? La tatu: nikimaliza kulipa, na kampuni ikifunga kazi yake Mwanza, betri nitapata wapi? Nilimsahihishia herufi mbili tu, maana "kubadili" aliandika "kupadili" mara mbili. Mengine niliyaacha kama yalivyo.

Juma lililopita nilimkuta kijiweni, bado juu ya pikipiki ya tajiri wake. Barua imejibiwa. Vituo vimetajwa kwa majina, na ng'ambo ya daraja hakuna hata kimoja kwa sasa. Juu ya bei wameandika ya kuwa haitapanda kwa miezi sita. Swali la tatu alijibiwa kwa mdomo, ya kuwa asiwe na wasiwasi. Mzee amewarudishia karatasi, akawaomba na hilo waliandike chini yake, watie sahihi. Angali anangoja.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Mwulizeni dereva mmoja wa kijiwe cha karibu nanyi: huenda kilomita ngapi kwa siku, hutumia lita ngapi, na hesabu ya tajiri ni shilingi ngapi. Asipojua kilomita, mwambieni asome namba za mita asubuhi na jioni, nanyi mtoe ndogo katika kubwa. Kisha andikeni hesabu kama tulivyoiandika leo, mkiweka bei zenu mahali pa bei zangu. Mwalimu wenu atazikusanya siku ya Ijumaa. Kwaherini.